Yatima Aliye na Baba

Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa Waislamu wa Rumonge

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuwaruzuku wadogo na wakubwa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana: jambo litakalozungumzwa hapa si geni machoni pa mtu yeyote wa Rumonge, ila ni geni ndimini. Watu hulipita kila asubuhi waendapo sokoni au mwaloni, nao hugeuza nyuso zao. Nalo ni jambo la mtoto aliyepoteza nyumba ilhali nyumba ingali imesimama, na aliyepoteza baba ilhali baba yungali hai. Huyo ni mtoto wa nyumba ya ulevi.

Pwani hii ya Ziwa Tanganyika, tangu Gatumba hata Rumonge, na tangu Rumonge hata Nyanza-Lac, imezoea habari za watu kukosa makao. Mwaka 1972, machafuko yalipoanza mwishoni mwa mwezi wa Aprili katika sehemu hizihizi za Rumonge na Nyanza-Lac, maelfu kwa maelfu waliyaacha makwao wakakimbilia Tanzania na ng'ambo ya Kongo. Wengi walikaa ugenini miaka thelathini na zaidi, na waliporejea wakakuta michikichi waliyoipanda baba zao inavunwa na watu wengine. Vita vilivyofuata baada ya Oktoba 1993 vikatoa wakimbizi juu ya wakimbizi. Tena katika miaka ya karibuni maji yenyewe yakapanda: mwaka 2020 Gatumba ilizama, na mwaka 2024 ziwa lilizidi kuingia katika nyumba za ukingoni, watu wakahama na vyombo vyao vichwani.

Katika misiba hiyo yote jambo moja lilionekana, nalo ni la kushukuriwa. Nyumba ilipoangushwa na maji, jirani alikuja na sufuria ya uji. Mtu aliporudi kutoka Kigoma hana pa kulala, alipatikana wa kumsogezea mkeka. Hakuna aliyeona haya kusema kwamba nyumba yake imechukuliwa na maji, wala hakuna aliyeona haya kumsaidia.

Lakini nyumba ikibomolewa na kileo, haji mtu. Mama hasemi, kwa kuwa anamsitiri mumewe. Watoto hawasemi, kwa kuwa wamekatazwa. Majirani husikia kelele usiku, na asubuhi huamkiana kana kwamba hawakusikia neno. Wahenga wamesema: siri ya mtungi aijuaye kata. Basi kata ya nyumba ile ni mtoto. Yeye ndiye ajuaye kiasi cha maji kilichobaki mtungini, na yeye ndiye asiyeulizwa.

Na atazamwe mtoto huyo kwa karibu. Wavuvi wa ndagala hutoka jioni, wakawasha taa zao juu ya maji katika usiku wa giza, wakarudi alfajiri. Fedha ya uvuvi ni fedha ya mkononi: hupatikana asubuhi, na kati ya mwaloni na mlango wa nyumba pana vilabu. Siku za mbalamwezi, wakati samaki hawafuati taa, mitumbwi hukaa, na mikono isiyo na kazi hutafuta la kufanya. Huanza kwa urwarwa wa ndizi au impeke ya mtama, kwa kisingizio cha uchovu na baridi ya ziwa. Huendelea kwa chupa. Huishia kwa kanyanga, ambayo mpishi wake hajui kilichomo, wala mnywaji wake haulizi. Mtoto wa nyumba ile hujifunza elimu isiyofundishwa chuoni. Hujua kwa mshindo wa miguu ya baba yake kama usiku huo atalala ndani au atalala nyuma ya jiko la jirani. Hujifunza kusema uongo kwa mwalimu ili kuficha sababu ya kukosa daftari. Hujifunza kuwapikia wadogo zake kabla yeye mwenyewe hajatimiza miaka kumi. Kisha siku moja huchoka. Hutoka usiku mmoja, akarudi. Hutoka juma zima, akarudi. Mwishowe hutoka asirudi. Basi watu humkuta sokoni, humkuta penye maegesho ya magari ya Bujumbura, humkuta mwaloni akiokota ndagala walioanguka mchangani, nao humwita mhuni.

Mwaka 2022 serikali ya Burundi ilianza kuwaondoa watoto na ombaomba barabarani na kuwarudisha katika sehemu walikotoka. Nia ya kumtoa mtoto njiani ni njema. Walakini yapasa kila mtu ajiulize: mtoto aliyetoroka mji mgeni akirudishwa kwao, amerudishwa penye amani, je, mtoto aliyetoroka kileo cha nyumba yao, akirudishwa mlangoni pale pale bila ya neno lolote kubadilika ndani, amerudishwa wapi? Haikuwa ajabu basi kwamba baadhi yao walionekana tena barabarani baada ya muda mfupi.

Mtu wa elimu aweza kusema: huyu si yatima, maana yatima katika sheria ni mtoto aliyefiwa na baba yake kabla hajabaleghe, na huyu baba yake anaonekana mjini. Maneno hayo ni kweli kwa upande wa ufafanuzi wa neno. Lakini wanazuoni hawakuishia katika mlango wa yatima. Katika vitabu vya fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani hizi, upo mlango wa laqiti, yaani mtoto aliyeachwa asiye na wa kumtunza. Hukumu yao ni kwamba kumwokota mtoto huyo ni faradhi ya kutosheleza: akipatikana mmoja wa kuisimamia, wengine wamesalimika, asipopatikana hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima. Na matumizi yake, ikiwa hana mali, ni juu ya hazina ya Waislamu. Na isipokuwapo hazina, ni juu ya Waislamu wenyewe wenye uwezo. Haifai basi mji uliojaa misikiti ujifiche nyuma ya maana ya neno moja, ilhali mlango wa pili uko wazi na mtoto amekaa kizingitini.

Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, aliyajua maisha ya kutolewa nyumba hii na kuingizwa nyumba ile. Baba yake Abdallah alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mama yake Amina alifariki njiani, mahali paitwapo Abwa, naye mwana akiwa na miaka sita. Babu yake Abdul-Muttalib alimchukua, akafariki naye alipokuwa na miaka minane. Ndipo ammi yake Abu Talib akamtia nyumbani mwake. Na izingatiwe hali ya Abu Talib: hakuwa tajiri. Alikuwa na watoto wengi na mali haba. Hakungoja apate nafasi kubwa ndipo amchukue mwana wa ndugu yake. Alimwongeza katika sahani ileile iliyokuwapo, akampeleka pamoja naye katika safari ya biashara, akamfanya mtu wa kazi na wa kuaminiwa.

Baada ya miaka mingi, ukame ulipoipata Makka na Abu Talib akaelemewa na watoto, Muhammad alimwendea ammi yake Abbas, wakaafikiana kumpunguzia mzigo. Yeye akamchukua Ali, na Abbas akamchukua Jaafar. Katika tendo hilo dogo mna funzo lote la mkutano huu. Hawakumpelekea Abu Talib sadaka ya siku moja, wala hawakumwaibisha mbele ya watu. Waligawana watoto, kila mmoja nyumba yake.

Sasa na yatajwe mambo ya zama hizi na ya nchi za jirani, ili asije mtu akasema kwamba hayo yaliwezekana zamani tu. Watakaotajwa si Waislamu. Lakini Mtume aliusifu, hata baada ya kupewa utume, ule mwafaka wa Hilful-Fudhul uliofanywa Makka nyumbani mwa Abdallah bin Judaan kabla ya Uislamu, kwa sababu ulikuwa mwafaka wa kumtetea mnyonge. Mwumini huchukua wema popote anapoukuta.

Katika nchi ya Kenya, Ukambani, alizaliwa mwaka 1949 mtoto aitwaye Charles Mulli. Baba yake alikuwa mlevi, akilewa humpiga mama. Mtoto alipokuwa na miaka sita aliamka asubuhi moja akakuta nyumba tupu: wazazi na ndugu zake wamehama usiku, naye wamemwacha. Akawa mwenye kuomba chakula mlango kwa mlango, mara akilala kwa jamaa, mara akilala palipompasa kulala. Shule ya msingi aliisoma kwa kukatika-katika, na ya juu hakuifikia kwa kukosa karo. Ujana wake ulipofika alikata tamaa ya maisha, mpaka imani ikamzuia. Akaondoka kwao kwa miguu, mwendo wa kilomita 70 hivi, akaingia Nairobi kutafuta kazi.

Mjini alibisha hodi katika nyumba ya Wahindi. Mama wa nyumba ile angeweza kumpa sarafu na kufunga mlango, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimpa chakula na kazi ya nyumbani. Kutoka kazi ile, kwa uaminifu wake, alipandishwa akawa karani katika mashamba ya kampuni, kisha akapanda tena. Mwaka 1970 alioa, akapata watoto wanane. Akahamia Eldoret, akanunua gari moja la abiria, kisha la pili, hata akawa mwenye mabasi na mali nyingi.

Mwaka 1986, akiwa mjini katika shughuli zake, vijana wa barabarani walimwomba fedha wamlindie gari. Akakataa. Aliporudi hakuikuta gari. Watu wengi wakipatwa na hasara kama hiyo huzidi kuwachukia watoto wa barabarani. Mulli alishikwa na fikira nyingine: wale vijana walikuwa ni yeye mwenyewe wa zamani, na yeye hakuwatambua. Fikira hiyo ilimsumbua miaka mitatu. Mwezi wa Novemba 1989 aliazimia kuziacha biashara zake, akaanza kuwatoa watoto barabarani Eldoret na kuwatia katika nyumba yake mwenyewe, pamoja na watoto wake wa kuzaa. Jirani walimcheka, na marafiki wakamwona amerukwa na akili. Nyumba ilipojaa alihamia Ndalani, katika ardhi kavu ya Yatta, wakachimba maji, wakalima, wakajenga shule. Maelfu ya watoto wamepita mikononi mwake tangu siku hiyo, na mwaka 2015 habari zake zilitolewa katika sinema. Tena, kwa masimulizi yake mwenyewe, alimsamehe yule baba yake.

Wa pili ni kijana zaidi. Kennedy Odede alikulia Kibera, mtaa wa maskini wa Nairobi, katika nyumba ya ufukara na ya baba wa kambo mwenye mkono mzito. Alipofika umri wa miaka kumi hivi alitoka, akaishi barabarani. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi kiwandani kwa ujira mdogo sana. Mwaka 2004 alinunua mpira kwa senti ishirini za dola, akawakusanya vijana wenzake wacheze, na baada ya kucheza wakazungumza juu ya mtaa wao. Kutokana na mpira huo ilizaliwa jumuiya iitwayo SHOFCO. Mwaka 2009 ilifungua shule ya wasichana Kibera. Baadaye ikaleta maji na matibabu. Mwaka 2018 jumuiya hiyo ilipewa tuzo ya Hilton ya huduma za kibinadamu, na mwaka 2025 Odede mwenyewe akapewa na Umoja wa Mataifa tuzo yenye jina la Nelson Mandela.

Habari hizi hazikutajwa ili watu washangilie matajiri na wenye tuzo. Kwa kila Mulli mmoja wako wengi ambao mlango haukufunguliwa, na majina yao hayakuandikwa popote. Zimetajwa ili ipimwe ni kitu gani kilichomvusha mtoto. Hakikuwa sarafu ya njiani. Sarafu humfikisha mtoto jioni, haimfikishi asubuhi. Kilichomvusha ni mlango uliofunguka, kazi iliyompa heshima, na mtu mmoja aliyemwamini kabla hajaonyesha kwamba astahili kuaminiwa. Na baada ya hapo alikuja yeye mwenyewe na sehemu yake: kutokubali kwamba mwana wa mlevi lazima awe mlevi, na kutoyatumia maisha yake kulipiza kisasi.

Sasa yaja neno zito, nalo ni juu ya mlevi mwenyewe. Yuko mtu atakayesema kwamba dawa ya haya yote ni kumlaani mlevi na kumtenga. Hakika ulevi ni haramu, nayo ni haramu isiyo na shaka. Walakini Mwenyezi Mungu mwenyewe aliwaondoa watu katika kileo kwa daraja: kwanza katika Sura ya Baqara walitajiwa kuwa madhara yake yazidi manufaa yake, kisha katika Sura ya Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, kisha katika Sura ya Maida likaja katazo la mwisho. Ilikuwapo haja ya kumshika mtu mkono na kumvusha hatua kwa hatua.

Na katika masahaba alikuwako mtu jina lake Abdallah, aliyebandikwa jina la Himar, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume. Mtu huyu aliletwa zaidi ya mara moja kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa, lakini laana ilikatazwa. Na wanahistoria wamepokea habari za Abu Mihjan wa Thaqif, aliyefungwa minyororo kwa ajili ya pombe wakati wa vita vya Qadisiyya. Mke wa jemadari alimwamini, akamfungua kwa ahadi kwamba atarudi. Alipigana vita vikali, akarudi jioni akatia miguu yake katika minyororo. Jemadari alipoapa kwamba hatampiga tena, ndipo naye akaiacha pombe. Viboko havikumtoa, kuaminiwa kulimtoa.

Elimu ya tiba ya siku hizi yasema vivyo hivyo. Aliyezoea kileo kwa miaka mingi mwili wake umefungwa nacho. Akiacha ghafula aweza kutetemeka, kuweweseka, hata kuanguka kifafa na kufa; kwa hiyo mtu wa namna hiyo apelekwe kwa mganga wa hospitali, asifungiwe chumbani na jamaa zake. Walioshikwa na dawa za kulevya, ambazo nazo zimeingia katika miji ya Burundi, wana njia za kutibiwa: katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tiba ya methadoni ilianzishwa mwaka 2011, na huko Unguja zimekuwapo nyumba za kupata nafuu ambamo walioacha husaidiana wao kwa wao. Mtu kumwita mgonjwa si kumhalalishia kosa lake. Ni kumwonyesha kwamba iko njia ya kurudi.

Na lisisahauliwe jambo ambalo aghalabu halisemwi katika mikutano. Katika habari ya pombe Mtume hakumtaja mnywaji peke yake; alimtaja aikamuaye, na aichukuaye, na aiuzaye, na alaye thamani yake. Basi mlevi huanguka mtaroni na kila mtu humwona. Lakini mwenye nyumba aliyempangisha mwenye kilabu, akapokea kodi yake kila mwezi, huyo huketi safu ya mbele amevaa kanzu nyeupe, wala hakuna amwonaye. Na mwenye mtumbwi awalipaye vijana wake kwa chupa, kwa kuwa chupa ni nafuu kuliko faranga, naye huhesabiwa kuwa mtu mwema. Kila mmoja na aitazame fedha iliyomo mfukoni mwake, aulize imepita nyumba ya nani kabla ya kumfikia.

Ikiwa maneno haya yamekubaliwa, basi yapasa yazae kazi. Kazi hizo si kubwa kuliko uwezo wa jamaa Waislamu wa mji huu.

La kwanza ni kuona. Mwalimu wa chuo cha Kurani hujua mtoto gani huja na njaa, na yupi husinzia kwa kuwa hakulala. Mama wauza samaki hujua nani analala mwaloni. Majina hayo na yakusanywe kwa siri na wazee wachache waaminifu, pasipo kumtangaza mtu.

La pili ni kugawana, kama Mtume na Abbas walivyogawana. Usingojwe ujenzi wa jumba la yatima, wala usingojwe mfadhili kutoka ng'ambo. Nyumba kumi zenye kumchukua mtoto mmoja mmoja ni bora kuliko jumba moja lisilojengwa. Na mtoto apelekwe kwa jamaa wa damu kwanza, shangazi au mjomba au bibi, na jamaa huyo asaidiwe chakula na nguo ili asielemewe. Jina la mtoto na nasaba ya baba yake visibadilishwe, maana sheria yataka hivyo, na kwa kuwa ipo siku baba yule aweza kutubu akamtafuta mwanawe. Tena wenye mamlaka wa serikali wajulishwe, ili jambo lisiwe na lawama.

La tatu ni kazi na elimu. Mtoto arudishwe shuleni, na aliyepitwa na umri wa darasa apewe fundi: wa seremala, wa kushona, wa kutengeneza nyavu, wa mashine ya mawese. Mikono iliyozoea kuomba hujifunza upesi kushika randa, mradi awepo wa kuivumilia juma la kwanza.

La nne ni nyumba yenyewe. Mke wa mlevi asiulizwe kwa nini havumilii zaidi. Aulizwe amekula nini. Wenye mitumbwi waweza kuafikiana kwamba sehemu ya ujira wa mvuvi, kwa ridhaa yake anapokuwa na akili timamu, ipelekwe nyumbani kwa samaki au kwa fedha. Na mlevi anayetaka kuacha apate watu wawili wa kumfuata asubuhi na jioni, wampeleke hospitali, wampeleke msikitini, wasimwache peke yake usiku wa mbalamwezi.

Haba na haba hujaza kibaba. Kama mpira wa senti ishirini ulizaa shule, basi kikombe cha uji kinachotolewa kila siku mahali pamoja, na mtu yuleyule, kwa mtoto yuleyule, chaweza kuzaa mtu.

Limebaki neno kwa mtoto na kijana ambaye yumo humu, au atakayesoma kijitabu hiki mikononi mwa mwingine, akajitambua. Ewe mwana, hukuimimina wewe pombe ile. Aibu ya nyumba yenu si yako, na kila nafsi itabeba mzigo wake yenyewe. Ulipomfunika mama yako kanga na kuwalaza wadogo zako katika usiku ule, Mwenyezi Mungu alikuona, hata kama mji mzima ulikuwa umelala. Ukiweza kumwambia mtu mmoja mwaminifu, mwambie: hujamsaliti baba yako, umemtafutia mganga. Usiionje ile chupa hata kwa mzaha, maana mwili wa mwana wa mlevi mara nyingi huwa na wepesi wa kunaswa. Na utakapokuwa na nyumba yako, mlango wako usiufunge kwa komeo mbili.

Mwenyezi Mungu awarudishe wana waliopotea penye mapaa yao, na awarudishe baba waliopotea ndani ya nyumba zao. Awaponye walionaswa, awasitiri mama walioficha, na aijaalie Rumonge kuwa mji ambao yatima hawi wa mtu mmoja wala hakosi mtu. Amin.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.